Sisi Tuliotoka Madukani

(Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi, Jumapili alasiri)



Sisi tuko wanne. Leo mwatuona tumevaa sare za reli, lakini kabla ya kuja huku tulikuwa watu wa supamaketi. Mmoja wetu alikuwa keshia. Mmoja alikuwa wa stoo. Mmoja alipima mboga na matunda kwenye mizani. Na wa nne alianza kwa kuwatilia wateja vitu katika mifuko, akamaliza akiwa mpangaji wa rafu za unga na sukari. Tulikaa jioni tatu tukaandika maneno haya pamoja, na aliyepewa kazi ya kuyasoma ni yule mwenye sauti kubwa, si yule mwenye akili nyingi.

Labda mzee mmoja atauliza, watu wa reli wana habari gani na mambo ya maduka? Jibu la kwanza ni watoto wenu. Tazameni nyumba zenu. Zamani kijana wa mtu wa reli aliingia reli. Siku hizi akimaliza shule anapeleka barua supamaketi, na akiitwa nyumba nzima hufurahi. Jibu la pili ni la zamani zaidi. Mwezi wa Januari mwaka 1947, Mombasa ilipogoma, haikuwa bandari peke yake wala reli peke yake. Watu wa mahoteli na watumishi wa nyumbani nao waliacha kazi. Watu wale hawakuulizana nani ni wa chuma na nani ni wa sahani.

Basi tuanze na mema, kwa maana si haki kuila sahani na kuisema vibaya.

Wengi wetu tulitoka kazi ya mjengo. Leo kuna kazi, kesho hakuna, na mvua ikinyesha hulipwi. Supamaketi kuna paa. Kuna taa nyingi, sakafu safi, na mwisho wa mwezi mshahara unaingia benki. Mara ya kwanza sisi kuwa na akaunti ya benki ilikuwa kwa sababu ya duka. Tulikatwa NSSF, tukakatwa NHIF ya wakati ule, tukaona jina letu limepigwa chapa kwenye hati ya mshahara, na tukaituma picha ya hati ile nyumbani kama mtu aliyepata cheti. Msicheke. Mtu ambaye baba yake alilipwa mkononi maisha yake yote anaelewa.

Tena kazi yenyewe ina utamu wake. Mwalimu wetu wa shule ya misheni alitupiga sana kwa sababu ya hesabu za kukopa na kuchukua, na tulidhani alitupiga bure. Tulipofika kwenye tili tukamkumbuka. Keshia mzuri anajua chenji kabla mashine haijasema. Mtu wa mizani anashika nyanya na kukuambia ni kilo na robo, na mizani yasema vivyo hivyo. Mpangaji wa rafu, akimaliza saa mbili asubuhi, husimama kidogo mbali atazame kazi yake: unga umesimama mistari kama askari, hakuna pakiti iliyoinama. Baada ya saa moja wateja wameuvuruga wote, naye huanza tena. Lakini ile dakika moja ni yake.

Na watu! Alikuwako bibi mmoja mzee aliyekuja kila Ijumaa kununua majani ya chai, sukari nusu kilo na mkate. Hata kama tili nyingine ilikuwa tupu, yeye alipanga foleni kwa mwenzetu keshia, kwa sababu alimwamini amsomee risiti yake. Siku bibi yule alipoacha kuja, tuliulizana wiki nzima. Reli nayo ina watu wengi, lakini abiria hupita. Mteja wa duka hurudi, ukamjua na watoto wake na siku anazokuwa hana pesa.

Haya ni mema, na ni ya kweli. Sasa mengine.

Mtu wa supamaketi husimama. Keshia husimama saa nane, saa tisa, na mwezi wa Desemba hatuhesabu. Wenzetu wa kike walikwenda nyumbani miguu imevimba mpaka kiatu hakivuki. Tulipouliza habari ya kiti, tuliambiwa mteja akimwona keshia amekaa atadhani ni mvivu. Hatukujua wakati ule kwamba Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inasema mfanyakazi anayeweza kupata nafasi ya kukaa bila kuharibu kazi yake awekewe mahali pa kukaa. Sheria ilikuwako. Kiti hakikuwako.

Jioni ukitoka unapekuliwa. Mfuko, koti, hata kikopo cha chakula. Mlinzi ni jirani yako, mnapanda matatu moja, lakini pale mlangoni lazima akushike kiunoni mbele ya wateja. Hatusemi duka lisijilinde na wezi. Twasema bwana meneja alitoka kwa mlango ule ule na hakuna aliyemgusa.

Halafu kuna mambo ya pesa ndogo. Shilingi moja moja hazipatikani, basi tuliambiwa tumpe mteja peremende badala ya chenji. Mteja anakutukana wewe, si tajiri. Bei kwenye rafu ni nyingine na bei kwenye mashine ni nyingine, kwa sababu mtu wa ofisi hakubadilisha karatasi. Mteja anakuita mwizi wewe. Mshahara wako haukuongezwa hata senti kwa kupokea matusi hayo, na ukimjibu unaandikiwa barua ya onyo.

Na kuna mkataba wa miezi mitatu. Mwezi wa tatu ukifika, watu wote huwa wapole. Hakuna anayeuliza livu, hakuna anayeuliza saa za ziada, kila mtu anafagia hata mahali pasipo na takataka. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa muda wa mwezi aweza kuhesabiwa kuwa mwajiriwa wa mwezi, na mwenye kufanya zaidi ana haki kama wengine. Lakini nani atakwenda kumsomea tajiri sheria katika mwezi wa tatu?

Hapa ndipo tunafika kwenye jambo lililotuleta mbele yenu. Tulibishana kama tuliseme au tuliache. Tumekubaliana tuliseme.

Watu wa maduka wana neno linaloitwa shoti. Jioni keshia anafunga tili, anahesabu pesa, na mashine inasema zilipaswa kuwa kiasi gani. Zikipungua, hiyo ni shoti, na inakatwa katika mshahara. Kadhalika mali ikihesabiwa usiku na kuonekana imepungua, tulikatwa sote, kila mtu kidogo, hata aliyekuwa livu. Sheria haisemi hivyo. Yamruhusu tajiri kukata pesa zilizopungua kwa uzembe au udanganyifu wa mtu yule aliyekabidhiwa pesa, na yaweka mpaka kwamba makato yote yasizidi theluthi mbili za mshahara. Uzembe wa mtu yule. Siyo panya wa stoo, siyo mwizi aliyepita na kopo la maziwa ya unga ndani ya koti.

Katika duka moja, ambalo wawili kati yetu tulifanya kazi humo na ambalo hatutalitaja jina, alikuwako keshia, mama wa watoto wawili. Alikuwa hodari kuliko sisi sote. Siku moja alikwenda kula, na msimamizi akafungua tili yake kwa nambari yake, akauza kwa muda, akaifunga. Sisi tuliona. Mmoja alikuwa akipakia mifuko hapo hapo, mwingine alikuwa akipanga rafu ya mbele. Jioni ikatokea shoti ya shilingi 4,600. Mama yule akaitwa ofisini, akapewa karatasi atie sahihi kwamba amekubali. Akasema, waulizeni waliokuwa hapo. Tukaulizwa. Tukasema hatukuona vizuri.

Ulikuwa mwezi wa tatu, ndugu zetu. Wiki ile ile mikataba ilikuwa inaandikwa upya.

Alikatwa pesa zile, na mkataba wake haukuandikwa. Ya kwetu iliandikwa. Tulifanya kazi pale miaka mingine, na hatukulitaja jambo hilo hata sisi kwa sisi.

Sasa twataka kuwaeleza jinsi duka linavyokufa, kwa sababu watu wengi hudhani duka hufa siku mlango unapofungwa, na sivyo.

Supamaketi huuza kwa pesa taslimu na kununua kwa deni. Tuseme mtu wa maziwa ameleta maziwa ya shilingi laki moja leo, naye amekubali kulipwa baada ya siku 60. Maziwa yale yanauzwa yote kwa siku tatu. Basi kwa siku 57 duka linakaa na laki moja isiyo yake. Ukizidisha kwa mtu wa unga, wa sabuni, wa mafuta, na kwa matawi mengi, ni pesa nyingi sana. Tajiri mwangalifu huziweka azilipe. Tajiri mwenye haraka hufungua kwazo tawi jipya, na tawi hilo huleta deni jingine, na deni hilo hufungua tawi jingine. Ni kama karani wa tikiti achukue nauli za wiki hii ajenge kwazo kituo kingine. Mafuta ya injini ya wiki ijayo yatatoka wapi?

Kenya imeona haya mara nyingi, na kwa makampuni makubwa yaliyojulikana na kila mtu. Uchumi ilianzishwa mwaka 1975, ikafungwa na kuwekwa chini ya mrasimu mwaka 2006, ikafunguliwa tena, na mwaka 2015 ikafunga maduka yake ya Uganda na Tanzania. Nakumatt, ambayo jina lake latokana na duka la magodoro la Nakuru, ilifika Uganda, Tanzania na Rwanda na kuwa na maduka zaidi ya 60. Mwaka 2018 ikawekwa mikononi mwa msimamizi kwa amri ya mahakama, na Januari 2020 wadai wakapiga kura ivunjwe. Mwaka huo huo wa 2020 Tuskys ikaanza kufunga tawi baada ya tawi. Kila mara magazeti yaliandika habari za benki na za wenye kuleta mali. Wafanyakazi waliandikwa mstari mmoja chini.

Lakini mfanyakazi ndiye aonaye kwanza. Kwanza vitu vya ng'ambo haviji. Halafu wale vijana wanaotumwa na makampuni kupanga mali yao wenyewe wanaacha kuja. Halafu maziwa. Halafu tukapewa amri ya kutandaza. Kutandaza ni hivi: unapanga pakiti mstari mmoja mbele ya rafu, na nyuma yake ni hewa tupu. Ikiwa hata mstari mmoja haufiki, unachukua karatasi za chooni na kujaza rafu tatu, mahali palipokuwa na mchele, na biskuti, na majani ya chai. Mshahara ukaanza kuja tarehe 5, halafu 12, halafu nusu.

Na sisi tulifanya nini tulipoona hayo? Tulitandaza karatasi za chooni. Wateja walipouliza, tulijibu kama tulivyofundishwa, kwamba mali iko njiani. Tulilitetea duka kuliko wenyewe, kwa sababu jina lake lilikuwa kifuani petu, juu ya shati. Mwenzetu wa stoo alikaa peke yake katika stoo yenye mwangwi, akiandika katika daftari: hakuna, hakuna, hakuna.

Tulipokosa mshahara mwezi wa pili ndipo tulipotafuta ofisi ya chama cha watu wa maduka. Tulikwenda watu kumi na mmoja. Mzee tuliyemkuta alitupa viti, akatuuliza swali moja tu. Katika duka lenu, ni wangapi waliotia sahihi Fomu S? Tukatazamana. Wengine wetu hata hatukujua Fomu S ni nini. Hapa kwetu reli kila mtu aijua: ni karatasi ya kumruhusu tajiri akate ada ya chama katika mshahara. Bila karatasi hizo chama hakiwezi kuonyesha kwamba kina wengi katika duka, na bila kuwa na wengi tajiri hana lazima ya kukitambua wala kuandika mapatano nacho.

Mzee yule hakutukaripia. Alitusaidia kuandika madai. Alitueleza kwamba tajiri akipunguza watu, sheria yamtaka atoe habari mwezi mmoja mbele kwa chama na kwa afisa wa kazi, alipe livu iliyobaki, na alipe mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliotimia. Mwenzetu wa stoo alikuwa na miaka saba. Hizo ni siku 105. Aliandika hesabu hiyo kwenye kiganja cha mkono kwa kalamu, nasi tulicheka njia nzima. Lakini wakati huo walikuwako wengine katika foleni: benki, wenye mali, mwenye nyumba. Sheria ya ufilisi ya mwaka 2015 yampa mfanyakazi nafasi mbele ya wadai wa kawaida, kwa kiasi kilichowekwa. Lakini benki yenye dhamana ina lake, na rafu tupu hazigawanywi. Mpaka leo hizo siku 105 hajazipata.

Yako maduka mengine ambako chama kiliingia mapema na mapatano yakaandikwa, na huko keshia akipata shoti husimama na mjumbe wake wa chama ofisini. Hatusemi watu hao ni matajiri. Twasema hawaingii ofisini peke yao.

Tuongeze neno moja juu ya milango, kwa kuwa hatutaki kulisahau. Tarehe 28 Januari 2009 moto uliunguza supamaketi ya Nakumatt Downtown katikati ya Nairobi, na zaidi ya watu ishirini wakafa. Tangu siku hiyo, sisi tukiingia duka lolote, kwanza macho hutafuta mlango wa pili, na kama mbele yake pamepangwa makatoni ya soda. Mwenye mtoto dukani amuulize habari ya mlango huo leo jioni.

Basi turudi kwa yule mama. Mmoja wetu hukagua tikiti katika treni ya abiria ya asubuhi itokayo Embakasi Village. Siku moja mwaka huu alimkuta ameketi karibu na dirisha, na kikapu miguuni. Akamtambua kabla ya yeye kusema neno.

"Kumbe ni wewe," mama akasema. "Umenenepa. Reli inakulisha."

Wakasalimiana. Akamwambia anauza nguo za watoto, mambo si mabaya. Kisha akanyamaza mpaka treni ilipopita Makadara. Akasema, "Mlijua kwamba sikuchukua zile pesa."

Mwenzetu akajibu, "Tulijua, mama."

"Sikuwa nauliza," akasema. "Binti yangu mkubwa ameajiriwa. Supamaketi. Amewekwa kwenye tili. Sasa mwambieni yeye yale mliyokuwa mnayajua."

Mwenzetu alitaka kuomba msamaha, lakini treni ilikuwa imefika na watu walikuwa wanasukumana. Alimsaidia kushusha kikapu.

Ndiyo sababu ya jioni tatu za kuandika. Binti, kama umekuja, na ninyi wengine mlio madukani: hesabu pesa za kuanzia siku mbele ya mtu mwingine, na uandike. Ukiondoka kwenye tili, ifungwe kwa nambari yako, na asiifungue mtu, hata awe msimamizi. Karatasi ya shoti usiitie sahihi siku hiyo hiyo. Sema utaisoma nyumbani. Hati za mshahara weka zote, pamoja na mkataba, mahali ambapo si kabati la kazini, maana makabati ya duka letu yalifungwa pamoja na duka na vitu vyetu vikabaki ndani. Ukiona mnaanza kutandaza, msingoje mwezi wa pili. Na mwenzako akisema waulizeni waliokuwa hapo, nawe ulikuwa hapo, ujue kwamba ukisema peke yako watakufukuza peke yako. Sisi tulikuwa wawili na tulinyamaza. Pale dukani tulikuwa watu 60. Laiti hao 60 wangalikuwa wametia sahihi karatasi ile, labda tungalisema. Hatuwezi kuapa, lakini labda.

Wazee wa reli, ninyi mnaijua kazi ya kukusanya sahihi, na mnaijua hofu ya mwezi wa tatu ingawa kwenu ilikuwa na jina jingine. Vijana hawa wa maduka hawapewi Jumapili. Zamu zao hazifanani, na hawakutani mahali pamoja kama sisi tunavyokutana stesheni. Tunaomba tawi liwape chumba hiki jioni moja katika wiki, baada ya saa tatu usiku wanapofunga. Ndugu Katibu amesema kwamba jambo hilo litajadiliwa baada ya maswali.

Fomu S wanazipata katika ofisi ya chama chao, si kwetu. Mwenzetu wa stoo anazo nakala tatu za Sheria ya Kazi, zimewekwa pale mezani. Ni za kusomwa hapa hapa, si za kuchukuliwa, kwa sababu ya nne imekwisha potea.